Tunaposema "Hii ni Benga," Tunasema Nini?

Hotuba ya mwalimu wa kwaya mstaafu katika semina ya Yubile ya miaka 50 ya kwaya yetu. Imechapishwa hapa kwa ombi la kamati.

 

Nimepewa dakika 30. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndiyo maana ameketi mstari wa mbele na saa mkononi. Nitajitahidi.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya aina za muziki. Kabla sijaandika lolote nilienda kwenye kabati la kwaya, nikatoa kile kitabu cha kanuni chenye jalada la kijani. Wengi wenu hamjawahi kukiona. Kanuni ya saba inasema kwamba kwaya hii haitaimba benga, rumba wala muziki mwingine wa dunia. Mwandiko ni wangu. Hakuna mtu wa kumlaumu ila mimi.

Na kanuni hiyo haikukaa kabatini tu. Miaka 19 iliyopita, siku ya Alhamisi jioni, vijana watatu wa sauti ya tatu walibaki baada ya mazoezi. Walikuwa na gitaa la kuazima. Mmoja wao akasema, "Mwalimu, tuna wimbo." Gitaa likaanza. Sikungoja hata mstari wa kwanza wa maneno uishe. Niliinua mkono vile ninavyoinua kwaya ikikosea, nikasema, "Hiyo ni benga. Mpeleke baa." Watu waliokuwa wakivaa makoti yao ili waende nyumbani walicheka. Vijana wakarudisha gitaa kwenye gunia lake, wakaniaga kwa heshima. Jumapili iliyofuata sauti ya tatu ilikuwa na pengo la watu watatu, na pengo hilo halijazibika hadi leo.

Nitawarudia vijana hao kabla sijaketi. Kwanza tuliangalie lile neno nililowarushia. Niliposema "benga," nilikuwa nimesema nini hasa?

Jina la aina ya muziki ni lebo, kama ile karatasi inayobandikwa kwenye debe. Lebo ina faida. Bila lebo ungefungua debe la mafuta ya taa ukidhani ni mafuta ya kupikia. Lakini si lebo zote zinazojibu swali moja. Lebo nyingine inakwambia muziki unasikika vipi: mapigo yake, vyombo vyake. Nyingine inakwambia muziki ni wa kazi gani: wa kubembeleza mtoto, wa harusi, wa kuabudu. Nyingine inakwambia umetoka kwa nani. Na nyingine iliwekwa na mwenye duka ili ajue aupange kwenye rafu gani. Ugomvi mwingi wa muziki kanisani unaanza pale mtu anapotoa jibu la swali moja akidhani amejibu yote manne.

Mtu akiuliza, "Huu wimbo ni wa injili au ni rumba?" ni kama anayeuliza, "Hii leso ni nyekundu au ni ya pamba?" Inaweza kuwa vyote viwili. Injili ni jibu la swali la maneno na kusudi. Rumba ni jibu la swali la mapigo na magitaa.

Tuanze na majina ya hapa hapa nyumbani, kwa sababu hata hayo tunayatumia bila kuyafungua.

Neno kwaya lilitufikia kupitia Kiingereza, lakini ukilifuata hadi mizizi yake unafika kwenye Kigiriki, ambako neno lile lilihusu kundi la watu wanaoimba huku wakicheza. Ndiyo, wanaocheza. Miaka mingi nimewaambia msimame kama nguzo. Kumbe jina lenyewe la kwaya lilikuwa likinicheka.

Tunapozima kibodi na kuimba kwa sauti tupu, tunasema tunaimba akapela. Hicho ni Kiitaliano, na maana yake ni kuimba kwa namna ya kapela, yaani kwa namna ya kanisani. Siku hizi hata kikundi cha vijana kinachoimba nyimbo za mapenzi jukwaani bila vyombo kinaitwa akapela. Jina lilizaliwa kanisani, likatoka nje, na hakuna aliyelikataza.

Halafu kuna tenzi. Mkimwendea mshairi wa Lamu mkamwambia mnaimba tenzi, atataka kuhesabu mizani. Kwake utenzi ni shairi refu la masimulizi au mawaidha, beti za vipande vinne, kila kipande mizani 8, vipande vitatu vya kwanza vikifanana vina na cha nne kikibeba kina kinachopita shairi zima. Ndivyo ulivyo Utendi wa Mwana Kupona, aliouandika mama yule wa Pate kwa ajili ya binti yake mwaka 1858. Sasa chukueni kitabu chetu cha tenzi mkihesabu. Nyimbo nyingi humo ni za Waingereza na Wamarekani wa zamani zilizotafsiriwa, na mizani yake ni ya tuni za kwao. Je, tuache kuziita tenzi? Hapana. Neno limepata kazi ya pili na limeizoea. Ninachosema ni kwamba tukijua hivyo, hatutasimama kifua mbele tukidai tenzi ndizo za asili na mapambio ya vijana ndiyo ya kuletwa.

Na pambio? Sikieni neno lenyewe: kupamba. Ni kile kinachopamba ibada. Wala pambio halijawahi kudai kuwa nyumba nzima.

Hayo ni majina yaliyohama yakapata maana mpya. Yapo mengine yaliyoanzia kwa mfanyabiashara. Marekani, miaka ya 1920, kampuni za kurekodi zilianza kuuza sahani za santuri za waimbaji weusi kwa wanunuzi weusi, na zikaziweka kwenye kundi lililoitwa rekodi za "race," yaani za taifa la watu weusi. Ndani ya kundi hilo ungekuta bluzi, mahubiri, nyimbo za kanisani na muziki wa dansi, vyote pamoja. Vilifanana nini? Rangi ya ngozi ya aliyeimba. Mwaka 1949 gazeti la biashara ya muziki liitwalo Billboard liliacha jina hilo kwenye orodha zake, likaweka "Rhythm and Blues." Jumamosi moja muziki ulikuwa na jina hili, Jumamosi nyingine lile. Hakuna mpiga ngoma aliyebadilisha pigo lake. Ni rafu iliyobadilishwa kibao.

Rumba nayo ina safari ndefu. Watu waliotolewa Kongo wakiwa watumwa walifika Cuba na ngoma zao, na huko ngoma zile zikakutana na gitaa la Kihispania. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Cuba zilianza kuuzwa Afrika. Nyingi zilikuwa za mtindo ambao Wacuba wenyewe waliuita son, lakini wauzaji wa dunia walikuwa wameshauita rumba kwa sababu neno hilo liliuzika. Vijana wa Léopoldville na Brazzaville wakazisikia, wakatambua kitu cha nyumbani ndani yake, wakachukua magitaa. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kwa hiyo ninapoandika kwenye kanuni "kwaya haitaimba rumba," ninakataa muziki ambao hata jina lake lilichaguliwa na muuza santuri.

Mama mmoja wa sauti ya kwanza ananitazama. Najua anasema moyoni, "Sawa Mwalimu, lakini zile nyimbo kubwa zetu, zile za klasiki, hizo ni takatifu tangu mwanzo." Mama, subiri kidogo.

Tukisema klasiki tunafikiria ule wimbo wa Aleluya wa Handel tunaouimba kila Pasaka, ule ambao sauti ya nne huanza kutoka jasho mapema. Kwa hesabu ya wataalamu, kipindi cha Klasiki kinaanzia karibu mwaka 1750. Handel aliandika kazi ile, Messiah, mwaka 1741. Yeye wanamweka katika kipindi cha Baroko. Na neno hilo baroko halikuanza kama sifa. Kwa kawaida linaelezwa kuwa limetokana na neno la Kireno la lulu yenye umbo baya, na wakosoaji walilitumia kudharau. Leo mtu akisema baroko anavaa tai.

Kuna zaidi. Messiah haikuimbwa mara ya kwanza kanisani. Iliimbwa tarehe 13 Aprili 1742 katika ukumbi wa muziki jijini Dublin. Mwaka uliofuata Handel alipoipeleka London, ikaimbwa kwenye jumba la michezo ya kuigiza, na watu wa dini wakalalamika. Maneno ya Maandiko yatamkwe na waigizaji, mahali pa burudani? Handel hakubadilisha noti. Alibadilisha tangazo: badala ya kuandika jina Messiah, aliitangaza tu kama oratorio mpya takatifu. Alijua, kama wanavyojua wauza santuri, kwamba watu wengi husoma lebo kabla ya kusikiliza.

Na mapato ya onyesho lile la Dublin yalikwenda wapi? Kwa hospitali mbili, na kwa kuwalipia madeni wafungwa waliofungwa kwa kushindwa kulipa. Wafungwa 142 walitoka gerezani. Hiyo ilikuwa kazi ya wimbo uliolalamikiwa kuwa wa jumba la starehe.

Au chukueni ule wimbo wa Ijumaa Kuu, ule wa kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa na kuvikwa taji la miiba. Tuni yake ilitungwa na Mjerumani Hans Leo Hassler, akaichapisha mwaka 1601. Ulikuwa wimbo wa mapenzi! Kijana amechanganyikiwa kwa sababu ya msichana. Baadaye watu wa kanisa wakaichukua tuni, wakaipa maneno mengine, na Bach akaitumia tena na tena katika Mateso ya Mathayo. Wangekuwa na kanuni ya saba, tungekuwa tunaimba nini Ijumaa Kuu?

Sasa tufike kwenye injili yenyewe, yaani ule muziki ambao dunia nzima unauita gospel. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana jambo hili ndilo lililonifanya nikafungua kabati.

Kabla ya gospel kulikuwa na nyimbo za watumwa wa Marekani. Mwaka 1871 wanafunzi weusi wa chuo cha Fisk, mjini Nashville, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, waliondoka kwenda kuimba ili chuo chao kisifungwe kwa ukata. Waliitwa Fisk Jubilee Singers, waimbaji wa Yubile, jina lile lile tunalosherehekea leo. Mwalimu wao alilitoa katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 25, palipoandikwa habari za mwaka wa 50 ambapo watumwa wanaachwa huru. Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za kizungu ambazo wenye ukumbi walitarajia. Nyimbo za wazazi wao walizifanya za faraghani, maana zilikuwa na kumbukumbu ya utumwa. Walipoanza kuziimba hadharani, ndizo zilizowafikisha hadi mbele ya Malkia Victoria, na ndizo zilizojenga chuo.

Kisha akaja Thomas Dorsey. Baba yake alikuwa mhubiri, lakini Dorsey mwenyewe alipiga piano ya bluzi, na kwenye santuri alijulikana kama Georgia Tom. Baadhi ya nyimbo zake za wakati huo siwezi kuzieleza mbele ya Mchungaji. Alipoanza kuandika nyimbo za kanisa aliziandika kwa mkono ule ule uliozoea bluzi, na makanisa mengi ya Chicago yalimfungia mlango. Walisikia bluzi, wakaacha kusikia kingine chochote. Mwezi wa Agosti 1932 alikuwa amesafiri kwenda St. Louis kuimba aliposhikishwa telegramu: mke wake amefariki akijifungua. Aliporudi Chicago, mtoto naye akafa. Katika majonzi yale aliandika wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao umezunguka dunia na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Leo Dorsey anaitwa baba wa muziki wa gospel. Lebo ambayo tunaitumia kama muhuri wa usafi ilitoka mikononi mwa mtu aliyefukuzwa kwa sababu muziki wake ulisikika kama wa baa.

Nilipojifunza hayo niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimewahi kukutana na Dorsey, Alhamisi moja, akiwa na gitaa la kuazima.

Niguse na lebo moja inayotuhusu sisi Wakenya, nayo ni "wimbo wa kiasili." Wale mliokwenda kwenye mashindano ya muziki shuleni mnaijua. Isukuti ya Waluhya ni kiasili, kilumi ya Wakamba ni kiasili, mwanzele ya Wagiriama ni kiasili, kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini hakuna mama aliyewahi kumwambia mtoto, "Njoo nikuimbie wimbo wa kiasili." Mama wa Kipokomo, kule Mto Tana, alikuwa anabembeleza mtoto alale. Basi. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua tuni ya wimbo huo wa kubembeleza, ikaipangia sauti na maneno. Leo askari wanasimama wima na Rais anasimama wima. Maneno yake ni maombi kutoka mstari wa kwanza. Haya, niambieni: wimbo wetu wa taifa ni wa kiasili, ni wa serikali, ni wa watoto, au ni wa ibada? Kila jibu ni kweli, na hakuna hata moja linalotosha.

Sasa benga, maana nina deni nayo.

Benga ilikua miaka ya 1960, wakati vijana wa Kijaluo walipoyafanya magitaa yaongee lugha ya nyatiti. Nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji anaketi chini, vidole vya mikono vinachomoa nyuzi, kidole cha mguu kimevaa pete ya chuma kinagonga ubao, na njuga zinalia mguuni. Mtu mmoja, bendi nzima. Hamisheni hayo kwenye magitaa: besi inatembea mbele bila woga, ngoma inakaza mwendo, na gitaa la solo linamjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi, sentensi kwa sentensi, hadi pale waimbaji wananyamaza na gitaa linapanda lenyewe. D. O. Misiani na Shirati Jazz waliifikisha mbali. Wakikuyu wakaichukua wakaiimba kwa lugha yao, Wakamba pia. Rumba ni tofauti: huanza polepole, ikikueleza habari yake, kisha hufika kwenye sebene magitaa yakakimbia. Mtu anayesema benga na rumba ni kitu kimoja hajasikiliza hata moja.

Angalieni sasa. Katika maelezo yote hayo ya benga, ni wapi palipo na pombe? Ni wapi palipo na uzinzi? Pana nyuzi, besi, mwendo, na kuitikiana. Kuitikiana ndiko tunakofanya kila Jumapili kiongozi anapotoa na waumini wakapokea. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, kinanda, kinubi, matari, nyuzi, filimbi na matoazi, na kucheza pia. Haitaji mapigo yapi yamekatazwa.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Mzee mmoja wa kanisa alinijia wiki jana aliposikia nitakachozungumza. Aliniambia, "Mwalimu, mimi miaka ya ujana wangu niliimaliza kwenye baa. Likilia lile gitaa, nasikia harufu ya bia. Mnataka nilisikie madhabahuni?" Sikumbishia, na ninyi msimbishie. Muziki hubeba kumbukumbu za mahali ulikokaa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu: chakula chenyewe hakina kosa, lakini ndugu ambaye dhamiri yake inaumia ni wa kufikiriwa. Kwa hiyo kuna wakati wa kupiga na wakati wa kuweka gitaa chini. Mazishi si harusi, na Meza ya Bwana si mkutano wa vijana.

Tofauti ni hii. Mzee yule alisema, "Mimi linaniumiza." Alizungumza habari za moyo wake, na tunaweza kuketi naye tukapanga: labda wimbo ule uimbwe kwenye sherehe ya mavuno na si kwenye Meza. Mimi nilisema, "Hiyo ni benga," kana kwamba nimetoa hukumu ya Mungu, na hapakuwa na la kuzungumza tena. Lebo ilinisaidia nisisikilize.

Vijana nao nawageukia. Msifurahi mno. Lebo ni mzigo kwa anayejibandika pia. Ukisema unaimba benga, nenda ukajifunze benga. Kubonyeza kitufe cha kibodi chenye mapigo tayari, ukaongeza "haleluya" juu yake, si benga wala si ibada. Tafuteni mzee anayepiga nyatiti mkae miguuni pake. Na ukisema unaimba klasiki, jifunze solfa, usiimbe kwa kukariri tu. Heshima kwa muziki ni ile ile, uwe umetoka Dublin au Siaya.

Sasa niwarudie wale watatu.

Miaka sita baada ya Alhamisi ile, mama wa yule kijana aliyeshika gitaa alifariki. Kwaya ilikwenda mazishini, mimi nikiongoza. Tuliimba zetu, vizuri kabisa. Kaburi lilipokuwa likifukiwa, kijana akasimama kando ya udongo akaanza kuimba peke yake, bila gitaa, polepole. Ulikuwa wimbo wa mtu aliye shimoni anayemwita Mungu, anayemngoja kama mlinzi anavyongoja asubuhi. Majirani waliujua, wakaupokea. Nilisimama pale na koti langu la uongozi nikitokwa na machozi. Nikamwinamia mama aliyekuwa kando yangu nikamwuliza, "Mama, huu umo katika kitabu gani? Namba ngapi?"

Akanitazama kwa muda. Akasema, "Mwalimu, si huu ndio ile benga uliyowafukuza nayo?"

Alikuwa ameutunga hospitalini, kando ya kitanda cha mama yake, alipougua mara ya kwanza. Hilo ndilo alilokuwa amekuja kuniimbia Alhamisi ile. Hakuleta mtindo wa muziki. Alileta sala, na mimi nikasoma lebo.

Ilinichukua miaka mingine mingi kupata ujasiri. Mwaka huu, mwezi wa Februari, nilikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Ni mzee wa kanisa sasa, katika ushirika mwingine. Alinikaribisha chai. Akaniambia, "Mwalimu, mimi hayo yalishaisha zamani. Lakini wale wenzangu wawili je?" Sikuwa na jibu. Wale wawili hawaingii kanisa lolote. Nimempata mmoja kwa simu. Tumezungumza mara mbili. Wa pili bado namtafuta.

Ndugu zangu, Yubile katika Maandiko haikuwa keki na fulana zenye picha ya kwaya, ingawa fulana zimependeza. Ulikuwa mwaka ambao kila mtu alirudishwa kwa jamaa yake na kwenye urithi wake. Aliyekuwa amepoteza shamba alilirudishiwa. Kama tunasherehekea miaka 50 na hakuna aliyerudishwa, tumekula keki tu.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya kamati. Kanuni ya saba ifutwe, na kwa kuwa mwandiko ni wangu, nipewe kalamu niifute mwenyewe. Mahali pake tuandike maswali matatu, ambayo mwalimu wa kwaya atajiuliza kila mtu anapoleta wimbo. La kwanza: wimbo huu unasema nini, na ni kweli? La pili: unafaa wakati gani na mahali gani katika ibada, na nani ataumia? La tatu: tunaweza kuuimba vizuri, kwa heshima ya muziki wenyewe? Na juu ya yote matatu tuandike sharti moja: wimbo usikilizwe hadi mwisho kabla mtu yeyote hajainua mkono.

Hilo sharti la mwisho lingetosha peke yake miaka 19 iliyopita. Ule wimbo ulikuwa na dakika nne.

Jumapili ya Yubile, baada ya Aleluya ya Handel, kwaya itauimba wimbo ule. Mtunzi amekubali kuja kuongoza mwenyewe, na ameniomba jambo moja tu, kwamba mimi niimbe sauti ya tatu. Sijaimba sauti ya tatu tangu nilipokuwa kijana, na wale mnaosimama karibu nami mniwie radhi. Magitaa yatakuwepo. Yule mzee wa kanisa aliyenijia wiki jana nimemwonyesha maneno ya wimbo, tumeyasoma pamoja, na amesema atabaki ndani.

Mwenyekiti, naona saa. Bwana asifiwe.